Simu Hii Italala Wapi?

Wenzangu mnaobaki pale kaunta, kwanza niacheni nijisifu kidogo, maana nimestaafu na hakuna tena wa kunifuta kazi. Nimeuza simu na kuzitengeneza tangu enzi za vitufe mpaka hizi zinazofunguka kwa kuangaliwa usoni. Hadi leo nikisikia boksi jipya likifunguliwa, ile sauti ya karatasi ikibanduka kwenye kioo, moyo wangu unaruka. Yawa! Mume wangu husema hata siku ya harusi yetu sikuchangamka hivyo. Simbishii.

Sitawaambia nilianza na mshahara gani wala nilipandishwa lini. Hayo hayamsaidii mtu aliyesimama mbele ya mteja mwenye hasira. Nataka kuwaachia swali moja, niwaambie nani alinipa, na jinsi lilivyotufaa mimi na Vivian katika miezi yangu ya mwisho, wakati ng'ombe wa watu alikuwa anategemea simu tuliyoiuza sisi wenyewe. Vivian, najua unasoma hii. Usinune.

Nilianza kwa Bi Zuhura, hapo Migori mjini, karibu na stendi. Alikuwa mtu wa Mombasa, aliyekuja huku na mumewe mfanyabiashara, na mumewe alipofariki akakataa kurudi. Alisema ameshazoea samaki wa ziwa. Mimi nilitoka Karungu na Kiswahili cha sokoni. Siku ya kwanza nilimwambia mteja, "Simu yako amekufa." Bi Zuhura akaweka kikombe chini. "Lahaula! Simu si mjomba wako, mwanangu. Sema imezima, na useme kwa upole, pengine itawaka." Basi nikajifunza Kiswahili na ufundi kwa pamoja, na vyote viwili nilivipata kwa kukemewa.

Siku hiyo hakuniruhusu kugusa simu ya mtu. Alinipa bisibisi ndogo kama njiti, kitambaa cheupe na simu moja iliyokwisha kuharibika kabisa, akaniambia niifungue na kuifunga mpaka vidole vijue njia bila macho. Kitambaa ni cha kushikia skrubu. Skrubu ya simu ikianguka sakafuni imekwenda, na mteja atakwambia umemwibia. Mpaka leo nikiona kijana anafungulia simu kwenye meza tupu, ngozi inanisisimka.

Lakini kilichonishangaza zaidi ni namna alivyouza. Mteja akiingia akisema anataka simu, sisi wengine tungekimbilia rafu. Bi Zuhura alikuwa hatikisiki. Anamtazama tu, anauliza, "Simu hii italala wapi?" Nilidhani ni umbeya. Mtu anakuja na pesa yake, wewe unamuuliza habari za nyumbani kwake?

Nilielewa siku Mzee Okumu aliporudi. Huyu alikuwa mkulima wa Lambwe, mtu wa heshima kanisani, na alikuwa amenunua simu yake ya kwanza ya intaneti, wakati mtandao wa 3G ulikuwa ndio habari ya mji. Alinunua siku Bi Zuhura hayupo, kwa hiyo hakuulizwa kitu. Akaingia na simu imefungwa ndani ya leso, akaiweka kaunta kama mtu anayerudisha nyoka.

"Betri imelogwa," akasema. "Naweka chaji asubuhi, ikifika saa ya kula imeisha, na sijapiga hata simu moja. Jirani yangu aliiangalia sana siku niliyofika nayo."

Nilitaka kucheka. Bi Zuhura hakucheka. Aliipima betri kwa mita, ikawa nzima. Akaniambia, kwa jina alilonipa la binti wa Karungu, "Nyar Karungu, nenda naye ukaone inakolala."

Nikaenda. Kupita Magunga, kushuka bondeni, mpaka kwa Mzee Okumu. Nyumba yake ilikuwa kwenye bonde dogo, kilima kimeikinga upande wa mnara, na simu inaning'inia kwenye msumari karibu na dirisha, kwa sababu hapo ndipo mtandao "hupita". Nilikaa pale mchana kutwa nikiitazama. Alama ya 3G inakuja, inapotea. Inakuja, inapotea. Skrini imezimwa, hakuna anayeitumia, lakini ukiishika ina joto. Nikafahamu. Ile simu ilikuwa inafanya kazi kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto Kuja mvua ikinyesha. Mkiwa mezani pamoja unanong'ona tu. Yule wa mtoni anapaza sauti mpaka koo linakauka, na kabla ya jua kuzama hana nguvu ya kusema kitu.

Niliingia kwenye mipangilio nikaiambia isitafute 3G, itumie mtandao wa zamani tu. Hivyo tu. Ile simu ikapoa mkononi mwangu, na nilifurahi nikataka kumkumbatia Mzee Okumu, ila haikuwa adabu. Jumapili iliyofuata alisimama kanisani akatangaza kwamba kuna binti wa Migori anayetoa uchawi kwenye simu. Nililetewa simu nyingi sana. Nililetewa pia kuku mgonjwa, ambaye sikuweza kumsaidia.

Tangu siku hiyo, swali la Bi Zuhura likawa langu. Alipozeeka na kurudi kwao Mombasa, mkwewe akachukua duka, mimi nikabaki na kaunta. Neno lake la mwisho kwangu lilikuwa, "Waambie wasisafirie nyota ya mwenzao." Alimaanisha watu wanaonunua simu kwa sababu jirani anayo. Mtandao uliomfaa jirani anayelala chini ya mnara unaweza kukuua wewe unayelala nyuma ya kilima.

Niseme hapa mambo ya mkono, kabla sijasahau. Betri iliyofura usiibonyeze, hata kama mteja anasema aliiona ikibonyezwa kwingine. Mteja akilalamika kuhusu chaji, shika simu kwanza kabla ya kuuliza. Joto litakwambia mengi. Halafu muulize ni wapi ilipopata joto. Na msidharau kabambe, simu ndogo ya vitufe. Mimi ninayo kwenye mkoba sasa hivi ninavyoandika, na sikumbuki mara ya mwisho niliipa chaji.

Ikaja 4G, tukashangilia. Kisha 5G ikafika Migori mjini, na hapo, jamani, nilikuwa kama mtoto. Nilisimama mlangoni pa duka na simu mpya, nikabonyeza video ndefu ishuke, nikainua macho kumwambia Vivian aje aone, kuangalia tena imeshuka yote. Nikaifuta nikaishusha tena. Nikaifuta tena. Vivian alikuwa amejiunga nasi karibuni, na anajua kuuza kuliko nilivyojua mimi katika umri wake. Akasema, "Mama, utamaliza bando la duka." Nikamwambia wacha liishe.

Na niwaambie ukweli ambao wazee wenzangu hawapendi kuusikia: 5G si adui wa betri. Ukiwa karibu na mnara, mtandao ukiwa na nguvu, simu inamaliza kazi upesi na kupumzika. Pale kaunta ilikuwa inakaa na chaji vizuri kabisa. Shida ni pembeni, pale mtandao unapoonekana kidogo na kutoweka, simu inashika 5G, inaangukia 4G, inapanda tena, siku nzima. Lakini wateja walikuwa wanaona maandishi ya boksi tu. Unamwonyesha simu nene ya 4G yenye betri kubwa, anaiangalia kama ugali wa jana. Unamwonyesha nyembamba yenye 5G, macho yanang'aa. "Hiyo! Hiyo ndiyo kitu!" Vivian alikuwa anaziuza hizo nyembamba mpaka boksi zinaisha, na mimi nilikuwa ninamshangilia, kwa sababu wengi walikuwa watu wa mjini.

Mmoja hakuwa wa mjini.

Daktari Chacha ni daktari wa mifugo upande wa Kehancha. Mrefu, sauti ya kuitia ng'ombe, pikipiki yake ina sanduku la dawa nyuma. Alikuwa amenunua nyembamba kwa Vivian siku mimi nilikuwa nyuma nalehemu. Akaingia asubuhi moja, hakusalimia, na kwa Mkuria hilo peke yake ni habari. Akaitupa simu kaunta.

"Simu yenu imeua ndama!"

Nikamwekea kiti. Hakukaa.

"Mama Robi, mteja wangu, mjane, ana ng'ombe wawili tu. Mmoja alikuwa anazaa, ndama amekaa vibaya. Akanipigia. Simu iko mfukoni mwangu imezima tangu mchana, na niliitoa nyumbani imejaa! Mimi niko kilima cha pili tu, naweza hata kuona paa lake. Nimefika jioni, ndama amekufa. Ng'ombe tulimwokoa kwa shida." Sauti ikashuka. "Na huyo mwingine ana mimba kubwa. Anaweza kuzaa siku yoyote. Mama Robi amesema hanipigii tena."

Vivian akawa mweupe, na yeye ni mweusi kunishinda. Alikuwa ndiye aliyemwambia, "Daktari, hii ni moto wa kuotea mbali." Nilimwona anatafuta pa kuweka mikono.

Tuliipima betri: nzima. Vivian akafungua ile sehemu inayoonyesha nini kinakula chaji. Akaikazia macho, akanigeuzia. "Mama, si video, si Facebook. Kinachokula ni mtandao wenyewe." Hapo nikaanza kuchangamka, sitawaficha. Samahani kwa marehemu ndama, lakini fundi akinusa jibu anakuwa kama mbwa wa kuwinda.

Tukamwomba Daktari atuachie simu ashinde mjini akifanya shughuli zake. Aliporudi jioni, chaji haikuwa imepungua vya kutajwa. Akakasirika zaidi. "Kwa hivyo mimi ni mwongo?"

"Hapana, Daktari. Simu hii inalala wapi?"

"Inalala mfukoni! Kwani simu yako inalala kitandani?"

"Nipeleke nikaone hizo njia za mfuko wako," nikamwambia. Akanitazama kama mtu aliyeombwa kupeleka nyanya yake mbio za pikipiki. Kesho yake nilikuwa nyuma ya pikipiki yake, Vivian nyuma ya bodaboda nyingine akitufuata, kila mmoja na simu mkononi, vumbi mpaka kwenye meno.

Kutoka mjini, 5G ilikuwa nzuri. Mbele kidogo ikayumba. Ikaja, ikaenda. Kufika Kehancha ikawa 4G thabiti, nikasema vizuri. Lakini tulipopanda vile vilima vya upande wa mpaka, simu ikaanza kuwa na joto, kisha ikalia. Ujumbe: unakaribishwa Tanzania. Na sisi tuko Kenya, mbele ya boma la mtu, mbuzi ananiangalia. Tukateremka, ikarudi Kenya. Tukapanda, ikakaribishwa tena. Vivian akapiga kelele kutoka bodaboda ya nyuma, "Mama, angalia laini ya pili!"

Nikaangalia. Daktari Chacha alikuwa na laini mbili ndani ya simu moja, ya Kenya na ya Tanzania, zote zimewashwa, zote zimeachiwa zichague mtandao zenyewe. Nikamuuliza kwa nini.

"Kwani ng'ombe wana pasipoti?" akasema. "Nusu ya wateja wangu wako huko ng'ambo. Ni mashemeji zetu. Kila mtu hapa ana laini mbili."

Nilicheka mpaka nikashika tumbo. Ndiyo maana! Laini ya Tanzania ilikuwa inatafuta mnara wa kwao nyuma ya vilima. Laini ya Kenya inatafuta 5G iliyobaki mjini, ikichoka inarukia Tanzania, ikishuka inarudi. Ni watu wawili wanaopiga kelele ndani ya mfuko mmoja, kila mmoja akiita ng'ambo yake. Betri gani itavumilia hiyo?

Tukafanya kazi papo hapo, kwenye kiti cha pikipiki, kitambaa cheupe kimetandazwa. Laini ya Kenya tukaiweka 4G, na mtandao tukauchagua kwa mkono ili usivuke mpaka bila ruhusa. Laini ya Tanzania tukaitoa, tukaitia kwenye kabambe ya duka niliyokuja nayo. Nikampa.

Daktari akaitazama ile kabambe, akatazama simu yake. "Mmeniuzia pikipiki, halafu mnaniambia niisukume?"

"Ukiingia mjini washa 5G, endesha mpaka upepo uimbe," Vivian akasema. "Ukitoka, zima. Na Daktari, ni mimi nilikosa kukuuliza unaishi wapi. Pole sana." Alisema hivyo mbele ya watu wa bodaboda, kichwa juu. Nilijivunia kuliko siku niliyotoa uchawi Lambwe.

Kisha tukaenda wote kwa Mama Robi. Mwanamke mwembamba, mkali, amesimama mlangoni mwa zizi na fimbo. Ng'ombe wake alikuwa nyuma yake, tumbo limeshuka. Daktari akaeleza yote. Mama Robi alisikiliza bila kupepesa.

"Nitapiga mara moja," akasema. "Ikiita, uje. Ikisema mteja hapatikani, nitampigia yule mwingine, na usipite tena hapa hata kusalimu."

Kurudi mjini niliwaza: nimefanya kazi hii miaka yote, na yote imekuja kukaa kwenye simu moja ya mama mmoja. Kama nimekosea, Daktari amepoteza mlima mzima, kwa sababu pale akimkataa mmoja wamemkataa wote. Na Mama Robi atapoteza alichobakiwa nacho.

Siku zikapita. Kila simu ya duka ikilia, mimi na Vivian tuliruka pamoja tukagongana. Nilianza kufungasha vitu vyangu, kidogo kidogo, kwa sababu wakati wangu wa kuondoka ulikuwa umefika. Bisibisi ya Bi Zuhura nikaiacha mezani makusudi. Sikuwa tayari.

Siku ya soko, adhuhuri, duka limejaa, simu yangu ikaita. Video. Nikaona giza, kisha nyasi, kisha kiatu. Kisha sauti ile ya kuitia ng'ombe: "Mama! Mama, unaona?" Kamera ikatulia. Ndama, bado ana unyevu, anatetemeka, mguu mmoja huku mwingine kule, anainuka, anaanguka, anainuka. Ng'ombe anamlamba mpaka anayumba.

"Amepiga mara moja!" Daktari alikuwa anapiga kelele. "Mara moja tu, nikashika! Alikuwa amekaa vibaya kama yule wa kwanza, nimemgeuza! Na angalia chaji, Mama, angalia!" Akaileta simu karibu na uso wake, ambapo bila shaka sikuweza kuona chaji yoyote, niliona pua. "Nusu na zaidi! Na nimezunguka tangu alfajiri!"

Mimi na Vivian tulishikana tukaruka ruka mbele ya wateja. Mzee mmoja aliyekuja kununua chaja akauliza kama tumeshinda bahati nasibu. Nikamwambia tumezaa.

Siku yangu ya mwisho, keki imeshakatwa, mkoba wangu uko begani, mlango ukafunguka akaingia Mama Robi. Hakuwa na fimbo, lakini alitembea kama anayo. Simu yake ya zamani kioo kilikuwa kimepasuka, akasema anataka mpya. Macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye ile nyembamba, inayong'aa, yenye maandishi makubwa ya 5G. Kila mtu anaipenda, hata yeye.

Mkono wa Vivian ukainuka kuelekea rafu. Nikauma ulimi. Si kaunta yangu tena, nikajiambia, nyamaza wewe bibi. Mkono ukasimama hewani. Ukashuka. Vivian akaegemea kaunta na kuuliza, taratibu, kama mtu aliyezaliwa Mombasa, "Mama, simu hii italala wapi?"

"Zizini," Mama Robi akajibu. "Nalala huko siku hizi, karibu na Vivian."

"Vivian gani?"

"Ndama. Ni jike. Daktari alisema wewe uliomba msamaha mbele ya watu. Nikasema jina lako litamfaa."

Vivian wetu akageuka, akapita ile simu nyembamba, akashusha simu nene ya 4G yenye betri kubwa, akaanza kulifungua boksi huku machozi yanamdondokea kwenye karatasi. Mimi nilikuwa tayari mlangoni, nacheka na kulia pamoja. Bisibisi ile iko mezani, Vivian, upande wa kushoto, ndani ya kitambaa. Sikuisahau.